Kumbukumbu ya mradi: kamusi ya istilahi kongwe za sheria ya Uingereza yafika herufi D

Kamusi yangu ndogo imefika herufi D, na muda wangu karibu wote umemezwa na istilahi moja, deodandi. Tangu Zama za Kati, kitu chochote kilichomuua mtu kwa ajali, kiwe farasi au gurudumu la mkokoteni, kilitwaliwa na Mfalme ili kitumike kwa mambo ya kheri. Baadaye ilitosha mwenye mali kulipa thamani iliyokadiriwa na baraza la wazee waliochunguza kifo.

Huenda utaratibu huo ungejifia kimyakimya kama si reli. Tarehe 24 Desemba 1841, treni ya kampuni ya Great Western ilivamia kifusi cha udongo ulioporomoka kwenye njia ya Sonning, karibu na mji wa Reading, wakafa abiria wanane papo hapo, na baraza likaitoza injini pamoja na mabehewa yake pauni 1,000. Bunge lilifuta deodandi mwaka 1846, na mwaka huohuo likazipa familia za waliouawa kwa uzembe haki ya kudai fidia, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa mno, kwa kuwa kisheria fedha za deodandi hazikuwa za mjane.

Kuanzia sasa kila istilahi itakuwa na safu ya mwaka wa kufutwa. Kenya ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hivyo mwaka wa kufutwa hudokeza ni kipi kilichovuka bahari. Deodandi haikuvuka. Haikuvuka pia haki ya ukasisi, iliyofutwa mwaka 1827, ambayo zamani ilimwezesha mshtakiwa kukwepa kitanzi kwa kusoma mstari wa Zaburi ya 51 (watu wasiojua kusoma waliukariri, bila shaka).

Lililovuka ni sharti la mwaka mmoja na siku moja, yaani kwamba mtu hahesabiwi kuwa ameua iwapo aliyejeruhiwa atafariki baada ya muda huo kupita. Uingereza ililifuta mwaka 1996, ilhali Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika zilikuwa zimeliandika tangu mwaka 1930. Safu ya mwaka wa kufutwa itabidi basi igawanywe mara mbili, ya kwao na ya kwetu, na hiyo ya pili nitaijaza kwa kupitia marekebisho ya kanuni hizo moja baada ya jingine.