Kitap, kitob, kitabu

Leo jikoni hapa bwenini Delhi niliinua kitabu changu na kuuliza: hiki mnakiitaje kwenu? Mwenzangu wa Assam, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, akasema "kitap". Wa Uzbekistan akasema "kitob". Nilisisimka mwili mzima. Kalamu ikawa "kolom" na "qalam", dunia ikawa "duniya" na "dunyo". Kiarabu kimetupitia sote watatu, kila mmoja kwa njia yake!

Na hizo lugha mbili si ndugu kabisa. Kiassam kiko ukoo mmoja na Kihindi na Kibengali, kinasemwa bonde la mto Brahmaputra. Kiuzbeki ni jamaa wa Kituruki.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi zinavyojenga maneno. Mzbeki huunga viambishi mkiani: kitob, kitoblar (vitabu), kitoblarimda (ndani ya vitabu vyangu). Neno moja tu! Sisi tungeweka viambishi mbele, lakini moyo wa kuunganisha ni uleule. Mwassam naye hutazama umbo la kitu: kitabu, kwa kuwa ni bapa, hupewa "khon", kitapkhon. Nikakumbuka ngeli zetu.

Halafu ile sauti ya kh, kama wazee wa pwani wanavyotamka "kheri". Kiuzbeki kinayo katika "yaxshi" (x hiyo husomwa kh), yaani nzuri. Kiassam pia kinayo, mpaka kwenye jina lake chenyewe, Oxomiya, wakati jamaa zake wengi wa India hawaitumii hivyo.

Chai ilipoa tukiwa bado tunaulizana majina ya vyombo.