Mgongo wa kadi hauna Oktoba

Usiku huu nimeziteremsha albamu za kadi za wachezaji wa besiboli kutoka juu ya kabati. Zilikaa huko tangu tarehe 20 Oktoba 2025, siku Mariners walipofungwa 4–3 kule Toronto. Sikuwa na moyo wa kuzifungua.

Kwa asiyefuatilia besiboli: Mariners, timu yetu ya Seattle, ilianza mwaka 1977, na ndiyo pekee katika ligi kuu ya Marekani ambayo haijawahi kucheza World Series, fainali yenyewe. Safari hii tulifika mechi ya saba ya nusu fainali tukiongoza 3–1. Zilibaki aut nane, yaani wapigaji wanane wa Toronto wa kuwatoa, tushinde. Awamu ya saba kati ya tisa, watu wawili wa Toronto wakiwa kwenye besi, George Springer akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto: homurani. Pointi tatu kwa pigo moja. Nilikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nilipokuja kukikumbuka kilikuwa kimepoa kabisa.

Mwanangu alinipigia simu kutoka chuoni. “Mama, bado unaangalia?” Nikamwambia naangalia. Basi tukakaa kimya wote wawili, simu sikioni, mpaka mwisho.

Kadi hizi zilianza na yeye. Akiwa darasa la nne alirudi nyumbani na kadi tano za kubadilishana, akaniuliza Griffey ni nani. Mimi nimekulia Tanga, nyumba ya Coastal Union, baba akiusimulia ubingwa wa 1988 kama harusi yake mwenyewe. Griffey sikumjua. Nikajifunza ili nimjibu mtoto, na mtoto alipoondoka kwenda chuo, mimi nikabaki nazo. Sasa ni zangu. Nikitoka zamu ya usiku huwa napitia kurasa mbili tatu kabla ya kulala.

Ya kwanza ni ile ya Ken Griffey Jr., nyota wa Mariners, ya kampuni ya Upper Deck, 1989, kadi namba 1 ya seti yao ya kwanza. Ilichapishwa kwa wingi mno, si adimu hata kidogo. Thamani yake iko kwenye pembe na kwenye picha kukaa katikati. Yangu pembe moja ya chini imelika. Ninachokipenda ni kofia. Alipopigwa picha alikuwa bado timu ya chini, San Bernardino, kwa hiyo wachapaji waliibadilisha kofia ili ionekane ya Mariners. Ukiiweka karibu na taa unaona bluu yake imekaa tofauti kidogo. Kijana anatabasamu chini ya kofia ambayo hajaivaa bado.

Kisha Edgar Martínez, kadi ya 1996. Hii ndiyo iliyonifanya nikae mezani hadi saa hizi. Mgongoni wameandika mwaka wake wa 1995: wastani wa kupiga .356, dabo 52, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji besi ya pili. Lakini dabo ambayo kila mtu hapa Seattle anaikumbuka, ile ya tarehe 8 Oktoba 1995 dhidi ya Yankees, awamu ya nyongeza ya 11, Joey Cora akaingia kufunga pointi, na Griffey akakimbia kutoka besi ya kwanza hadi besi ya nyumbani tukashinda 6–5, haimo katika hizo 52. Takwimu za mgongoni ni za msimu wa kawaida tu. Mechi za mtoano, zile za Oktoba, hazihesabiwi humo. Pigo kubwa kuliko yote katika maisha ya mtu, na kadi yake haina habari nalo.

Naona si haki, na nimeona hivyo kwa miaka. Ndiyo maana nyuma ya baadhi ya kadi, ndani ya mfuko wa plastiki, nimeweka vikaratasi vyangu. Cha Edgar kina mistari miwili. Cha Jorge Polanco, aliyepiga pigo la ushindi, nilikiandika usiku uleule wa tarehe 10 Oktoba, tulipowatoa Detroit 3–2 katika awamu ya 15, mwandiko umepinda kwa furaha.

Leo nimeandika cha Cal Raleigh, mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kadi yake ijayo itasema homurani 60, idadi ambayo hakuna mdakaji aliyewahi kuifikia kwa msimu mmoja, na anastahili kila moja. Haitasema kwamba Toronto, mechi ya saba, awamu ya tano, aliongeza nyingine, nami nikaruka nikagonga goti kwenye meza. Imeandikwa sasa.

Cha Julio Rodríguez ndicho kilichonishinda. Mechi ile aliifungua kwa dabo. Awamu ya tatu akapiga homurani. Na mwisho, awamu ya tisa, akiwa ndiye tumaini letu, alizungusha gongo likakata hewa, akawa aut ya mwisho. Nimeandika dabo. Nimeandika homurani. Kalamu ikasimama hapo.

Nikampigia mwanangu. Kule kwake ilikuwa usiku sana, lakini alipokea. Nikamsomea nilichoandika.

“Andika na ile nyingine, Mama,” akasema. “Alikuwepo.”

Nimeiandika. Karatasi ilikuwa fupi, neno la mwisho limeingia pembeni kabisa.