Komiti Niliyoandika Msibani

Mwaka 2022, niliporudi Dar kutoka msibani Muheza, nilimkuta bosi ananisubiri na karatasi mkononi. Wanachama wa chama kimoja cha kuweka na kukopa walikuwa wamekatwa na programu yetu, mara mbili, faini ileile ya kuchelewesha rejesho. Bosi alikuwa ameendesha git blame, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) inayoonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho. Mstari wenye kosa ukatoka na jina langu. Ujumbe wa komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa humo, wa siku ya Jumanne, ulikuwa maneno mawili: "Marekebisho madogo."

"Bosi, Jumanne ile nilikuwa makaburini."

"Kompyuta haina sababu ya kukusingizia, kijana."

Kilichoniuma ni yale maneno mawili. Nilikuwa nimeyaandika mara nyingi mno, nisingeweza hata kudai kwamba lugha si yangu.

Nikavuta laptopu, nikaipa Git jina la bosi na barua pepe yake. Git haiulizi kitambulisho; ukijiita Sultani, itaandika Sultani. Nikakomiti faili tupu: "Napandisha mishahara ya wote, asilimia 50." Nikafungua git log, orodha ya komiti, nikamgeuzia kioo. Zile herufi na tarakimu 40 zinazoitambulisha komiti zilikuwepo, na zingemfichua mtu akigusa yaliyomo baadaye. Nani kaandika, hazisemi.

Alisoma mara mbili, akavua miwani. "Hii ifute kabla mhasibu hajaiona."

Mchawi alikuwa mashine ya mezani pale dirishani. Niliiwekea jina langu siku ya kwanza, nikalisahau humo, na ofisi nzima ikawa inaitumia laptopu zikiisha chaji. Kwa hiyo na mimi sikuwa msafi.

Jioni ile tukaanza kusaini komiti kwa ufunguo wa siri wa kila mtu. Git 2.34, iliyotoka Novemba 2021, inakubali ufunguo uleule wa SSH tuliokuwa tunaingilia seva, basi GPG, njia ya zamani ya kusaini iliyokwisha kutushinda, tukaachana nayo. Ila saini inathibitisha ufunguo tu. Uongo uliosainiwa ni uongo vilevile. Nikaomba kila ujumbe useme kimebadilika nini, kwa nini, na jaribio gani mwenzako anaweza kulirudia. Watu walinung'unika. Kufika wiki ya pili, hata mimi.

Lakini kesho yake asubuhi tu ilikuwa imeingia komiti yenye saini ya mwenzetu mmoja: "Narudisha sharti nililoliondoa kwenye faini, nilidhani linajirudia. Nilitumia mashine ya dirishani, jina lile si langu. Jaribio: mkopo mmoja, umechelewa siku 31, faini moja."

Nikaliendesha lile jaribio kwangu. Faini moja.