Paspoti Isiyo na Muhuri

Jana nilifungua sanduku la bati la marehemu mama kutafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, shule wanakitaka. Yeye akawahi kitu kingine. Akakifunua ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, hii si paspoti ya baba mdogo? Alikwenda wapi?"

Nikamwambia akamsaidie mama yake jikoni.

Tarehe 1 Machi 2020 ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imepiga tangu alasiri, na njia ya kwenda kwenye kibanda umiza pale Chikongola, Mtwara, ilikuwa tope tupu. Mdogo wangu alikuwa na miaka 19, mshambuliaji namba tisa wa kuzaliwa, na zilibaki wiki tatu aende Afrika Kusini kwenye majaribio ya soka. Usiku ule Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa Wembley na Aston Villa, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kiingilio shilingi 500. Saa moja na nusu mabenchi yalishajaa, watu wamekaa hadi chini.

Agüero wa City akafunga, Rodri akafunga. Nusu saa tu, mbili bila. Mzee mmoja akanyanyuka akaenda zake. Mdogo wangu hata hakuwa na habari na matokeo, macho yake yalikuwa kwa Samatta tu. Kila akionekana ananigusa goti. "Ona kaka, ona anavyojificha nyuma ya beki."

Dakika ya 41 ikaja krosi ya El Ghazi. Samatta akajirusha mzima mzima, kichwa, kipa wao Bravo akabaki ameduwaa. Benchi letu likapinduka, mtu nisiyemjua akanikumbatia shingoni mpaka nikakosa pumzi. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa kimya. Alikuwa ameweka vidole viwili kwenye paji la uso wake, anapapasa polepole, kama vile mpira umempiga yeye.

Villa walifungwa 2-1. Dakika za mwisho Engels alipiga kichwa, Bravo akausukumia mpira kwenye nguzo ya goli, basi tena.

Tulipotoka nje akavua flana, akaikunja, akaifunga fundo, akanipa. "Nirushie, kaka. Isipande sana." Nikadhani anatania. Nikarusha, akajitupa kwenye tope kwa kifua, akaikosa. Tena. Tena. Muuza chipsi akavuta jiko lake pembeni akitulalamikia. Mara ya nne kichwa kikaipata sawasawa, ikalia *pwaa*, ikapita kati ya ndoo mbili za maji. Akainuka ana tope kuanzia kidevuni hadi kitovuni, mwanga wa lile jiko unamulika meno tu. "Umeona? Mguu wa nyuma ndio unaosukuma. Kichwa kinamalizia tu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ananisomea safari ya Samatta kama mtoto wa madrasa: Simba, 2011 Lubumbashi, Kongo, kwa TP Mazembe, 2015 ubingwa wa Afrika, Januari 2016 Genk, 2019 ubingwa wa Ubelgiji. "Alianzia kwa jirani, kaka. Na mimi naanzia kwa jirani."

Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini, na siku hiyohiyo ligi ya Afrika Kusini ikasimamishwa. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa, mtu wetu wa Ruangwa, akatangaza na michezo ya huku isimame. Kule wakafunga kila kitu. Walipokuja kufungua, yule aliyemwita alishapata vijana wengine. Samatta mwenyewe mwezi Septemba alishahamia Fenerbahçe.

Kuna jambo sijawahi kuliandika. Tulipewa nafasi mbili tuchague: mapema Februari au mwishoni mwa Machi. Shilingi 150,000 ya paspoti tulikuwa nayo, nauli tulikuwa tunasubiri malipo ya korosho, na yalichelewa. Aliniomba tukope. Nikamwambia deni la safari halina baraka, twende Machi. Ni mimi niliyesema Machi.

Huenda angekwenda Februari akasajiliwa. Huenda angekwama huko ugenini amefungiwa ndani, hana timu, hana hela ya kula, na mama anakufa bila kumwona. Kuna usiku naamini hili, kuna usiku naamini lile. Yeye hajawahi kuniuliza.

Jioni nikampigia. Yuko Masasi, anapakia korosho. Nikamweleza swali la mtoto. Akanyamaza kidogo.

"Inaisha lini hiyo?"

"Januari 2030."

"Basi irudishe sandukuni, kaka," akasema, na nyuma yake nikasikia wenzake wanamwita, gunia linamsubiri.