Kuivuta vali ya moyo kwa pande mbili

Jumamosi iliyopita nilinunua moyo wa ng'ombe buchani na, kabla haujaingia sufuriani, niliupasua kwa kuifuata aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hadi nikaifikia vali yake, yaani mlango unaozuia damu isirudi nyuma. Ndani mlikuwa na ngozi tatu, kila moja mfano wa mwezi mchanga, nyembamba kiasi cha kupenyeza mwanga wa dirishani. Niliikata moja nikaivuta kwa vidole. Kwa mapana, kutoka pembe hadi pembe, ilinyooka kidogo kisha ikagoma kabisa. Kutoka shinani kuelekea ukingoni, ilirefuka bila ubishi.

Chanzo ni mpangilio wa nyuzi. Upande unaotazama aota umejaa kolajeni, protini ya nyuzi imara, iliyolazwa kwa mapana, nayo ngozi inapopumzika nyuzi hizo hujikunja kama mawimbi. Mvuto wa kwanza hukunjua mawimbi tu, hivyo hauhitaji nguvu nyingi, lakini yakishanyooka, ugumu hupanda ghafla. Upande wa pili una elastini, protini inayonyumbuka kama mpira, ambayo huirudisha ngozi katika umbo lake, na katikati mna tabaka laini lenye maji mengi linaloyaruhusu matabaka mawili ya nje kuteleza. Kulegea kuelekea ukingoni ndiko kunakoziwezesha ngozi tatu kukutana na kuziba barabara. Kitu hiki kisichofika unene wa milimita 1, nazungumzia sasa cha binadamu, hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku.

Ndiyo maana siwalaumu waundaji wa vali za badala, ingawa kazi yao bado ina kasoro. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mfaransa Alain Carpentier alianza kutibu vali za nguruwe kwa glutaraldehaidi, kemikali inayozifunga nyuzi za kolajeni pamoja ili tishu isioze wala kukataliwa na mwili. Gharama yake ni kwamba tishu hukakamaa, mtelezo wa matabaka hupungua, na baada ya miaka chokaa hujikusanya humo, haraka zaidi kwa vijana. Kwetu Afrika Mashariki hilo ni zito, kwa kuwa wengi wanaohitaji vali mpya ni vijana ambao zao ziliachiwa makovu na homa ya baridi yabisi.

Ile ngozi niliisahau sahanini. Jioni niliikuta imekauka, ngumu kama karatasi, ikanilazimu kuiloweka kwanza ndipo niivute tena.