Opampu inayogeuza ishara: uliza kabla hujanunua

Vijana wanaopita karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, huuliza bei ya opampu, yaani chipu ya kukuza ishara za umeme, na volti zake, basi. Mimi nataka waulize na hili: inputi (ishara inapoingilia) ikitoka nje ya mipaka yake ya volti, autiputi (inapotokea) inakwenda wapi?

Nililetewa kidhibiti cha pampu ya kisima kutoka Pongwe. "Fundi, tangi likikauka ndiyo pampu inakatakata," mzee mwenye mali akaniambia. Ndani mlikuwa na opampu ya LM358 ya umeme wa volti 5, inapokea ishara ya sensa ya kina cha maji. Tangi likiwa tupu, sensa inatoa karibu sifuri. Waya wake mrefu umelazwa sambamba na wa mota ya pampu, kwa hiyo mota ikiwaka, inputi inavutwa chini ya graundi, yaani chini ya volti sifuri. LM358 inaruhusu volti 0.3 tu huko chini. Ikizidi hapo, transista zake za kwenye inputi zinavurugika, na autiputi iliyotakiwa kukaa sifuri inaruka hadi volti tatu na ushei. Huko ndiko kugeuza ishara: inputi inashuka, autiputi inapanda. Kidhibiti kinaamini tangi limejaa, kinazima pampu!

Opampu ya TL072 nayo ina tabia hiyo, tena mapema zaidi: inputi ikisogelea upande hasi wa umeme wake, ukabaki umbali wa volti tatu nne tu, inaweza kugeuza. Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya taarabu, yenye umeme wa volti 15 chanya na hasi, sina ugomvi nayo, ishara haifiki huko. Kwenye betri moja ya volti 9 siiweki. Na kwenye saketi ya kuongoza mota ni hatari kabisa, maana mrejesho hasi, ule wa kurekebisha kosa, unakuwa chanya, unalikuza, na mtambo unaweza kunasa hapo hapo.

Watengenezaji wa opampu za OPA2134 na MCP6002 wameandika wazi kwamba hazigeuzi. Mzee nilimwekea MCP6002, miguu yake imepangwa sawa na ya LM358, nikaongeza rezista ya kilo-omu 10 kwenye inputi. Rezista ni lazima: opampu isiyogeuza bado inaungua mkondo ukizidi. Waya wa sensa tukauhamisha mbali na wa mota.

Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji ikinyamaza, napima mwenyewe. Naunganisha autiputi na inputi hasi, nalisha inputi chanya wimbi linalopita kidogo mipaka ya umeme kupitia rezista ile ile, natazama umbo la autiputi kwenye osiloskopu. Opampu nzuri, wimbi lake linakatwa bapa juu na chini. Mbaya, wimbi linaota pembe katikati ya bonde.