Nimerudi Bagamoyo, daktari wa Stanley hakuna anayemjua

Jamani nimerudi Bagamoyo baada ya miaka mingi Dublin na roho bado haijatulia. Bei zimepanda, majirani wengi wametangulia mbele ya haki, hayo niliyategemea. Lililoniuma ni la Parke.

Kule Dublin, nje ya makumbusho ya wanyama pale Merrion Street, kuna sanamu yake ya shaba kashika bunduki. Thomas Heazle Parke, daktari wa upasuaji wa jeshi la Uingereza. Kaanzia vita vya Misri 1882, mwaka uliofuata kipindupindu huko huko, 1885 yuko Sudan kwenye mapigano ya Abu Klea, halafu 1887 akaenda na Stanley, yule mvumbuzi Mwingereza, kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, tena bila mshahara. Wapagazi waliochukuliwa Unguja walikuwa zaidi ya 600, Parke akawachanja ndui humo humo melini, na ndui ilipozuka safarini chanjo ile iliokoa wengi. Chini ya sanamu wamemchonga ananyonya sumu ya mshale kifuani kwa Stairs, ofisa mwenzake wa msafara, Agosti 1887 msituni Kongo. Stairs alipona. Wangwana, yaani wale wapagazi wa Unguja, waliopigwa mishale siku hiyo, kadhaa walikufa kwa pepopunda, na hao hawajachongwa popote.

Sasa safari yote hiyo iliishia hapa kwetu, Desemba 1889! Usiku wa karamu Emin Pasha, maana macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka toka ghorofani na Parke ndiye aliyemuuguza. Mimi ni nesi, kila nikipita pale kwenye sanamu najisemea nikirudi nitakaa na wazee wanipe upande wetu, si mnakumbuka zile baraza, ukitaja msafara tu kila nyumba ina babu aliyebeba mzigo. Nimekwenda. Wazee hawapo tena. Vijana wanaotembeza watalii wanakwambia mwili wa Livingstone ulilazwa hapa, ukiuliza wapagazi wa Stanley wanakutazama tu. Nimezunguka Mji Mkongwe wote, sijaona hata jina moja la mpagazi, wakati waliorudi hai hawakufika hata nusu. Inauma jamani, inauma sana.

Nyie mlio nje, kama una bibi au babu bado yupo mpigie leo umrekodi, usingoje likizo, utakuta kaburi. Na mwenye babu aliyekwenda na Stanley, wa Unguja au wa huku Mrima, anitajie jina lake, nimeshanunua daftari.